Mkuki Uliochomelewa Keumbu

Mwaka uliofuata ule tuliomzika binti yetu, mume wangu alipewa uhamisho kwenda kufundisha Pwani. Yeye ni mwalimu wa hesabu wa sekondari. Mimi nafundisha shule ya msingi hapa Manga. Majirani walituonea huruma. Walisema ni ukatili kumtoa mtu karibu na kaburi la mtoto wake kabla udongo haujatulia. Sikuwaambia kwamba alipopata habari ile alishusha mabega na kuvuta pumzi ndefu, kama mtu aliyekaa muda mrefu kwenye chumba chenye moshi kisha akafunguliwa mlango.

Alikuwa mtoto wetu wa pekee. Homa na kikohozi vilimshika akiwa shuleni, na kabla wiki haijaisha alikuwa ametutoka. Madaktari walifanya waliloweza. Tulimzika kando ya nyumba, pale migomba inapoanza, kwenye mteremko unaotazama mashamba ya chai.

Kwetu ukishapata mtoto, jina lako la ujana linawekwa kando. Tangu binti yetu azaliwe mume wangu aliniita mama yake, nami nikamwita baba yake, kwa jina la mtoto. Baada ya mazishi jina lile likawa halitamkiki tena ndani ya nyumba, na hatukujua tuitane nani. Kwa wiki kadhaa hatukuitana kabisa. Nikimtaka, nilikwenda hadi alipo. Mwishowe tukaanza kuitana Mwalimu, kama tunavyoitana na wenzetu wa kazini. Hata tukiwa wawili tu jikoni. Mwalimu, chai iko tayari. Asante, Mwalimu.

Akaenda Pwani. Muhula wa kwanza alipiga simu mara chache, na maneno yalikuwa ya hali ya hewa na mtihani. Halafu aliporudi likizo ya Aprili nilimwona amebadilika. Ngozi ilikuwa imeungua mabegani, na alikuwa na hamu ya kula. Jioni ya pili, tukiwa tumekaa na mama yake, alitoa simu akatuonyesha picha ya samaki wa kijivu mwenye madoa, amelala juu ya jani la mgomba.

"Huyu anaitwa tafi," alisema. "Nimemchoma mwenyewe."

Mama mkwe aliisogeza simu karibu na macho. "Umemchoma kwa moto?"

"Kwa mkuki, Mama. Chini ya maji."

Alitueleza kwamba mwalimu mwenzake, mtu wa kule kule, alimfundisha kuzamia upande wa ndani wa mwamba unaozuia mawimbi, pale ambapo bahari ni tulivu na kina si kirefu. Mume wangu alijua kuogelea tangu utotoni, katika vidimbwi vya mto huku chini. Kule alikuwa akiazima vifaa vya rafiki yake, na sasa alitaka vyake mwenyewe. Aliongea karibu nusu saa. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akiongea hivyo, na wala sikujali kwamba alikuwa akiongea juu ya samaki. Nikamwambia, "Basi tukavitafute, Mwalimu. Mimi na wewe."

Huku kwetu hakuna bahari wala duka la mambo ya bahari. Tulikuwa na sauti ya rafiki yake tu kwenye simu, ujumbe mmoja baada ya mwingine, kwa Kiswahili chao kizuri kisicho na haraka. Msinunue vitu vingi, alisema. Anayeanza anahitaji miwani inayomkaa usoni, mrija wa kupumulia, mapezi ya miguuni, mkuki mwepesi, na boya. Bunduki zile za mshale mnazoziona kwenye picha achaneni nazo, serikali imezipiga marufuku. Mkuki wa mkono unatosha kwa mtu anayetafuta mboga ya nyumbani.

Tulianza na miwani, mjini Kisii, kwenye duka la vifaa vya michezo. Muuzaji alikuwa nayo aina tatu, ya kuogelea mbili, na moja kubwa inayofunika na pua, imekaa kwenye rafu hadi boksi limepauka. Rafiki alikuwa ametufundisha jinsi ya kuijaribu. Unaiweka usoni bila kufunga mkanda, unavuta hewa kidogo kwa pua, kisha unaachilia mikono. Ikidumu usoni, ni ya kwako. Ikianguka, hata ikiwa nzuri kiasi gani, maji yataingia.

Ile kubwa ilimkaa. Alisimama katikati ya duka, mikono imening'inia, uso umeinama. Muuzaji alicheka, nami nikacheka. Kisha nikaona haivui. Alikaa vile hadi muuzaji akaenda kumhudumia mteja mwingine. Kioo kilikuwa kimeingia ukungu. Alipoivua, aliipangusa ndani kwa shati lake, taratibu, bila kunitazama, akasema, "Ni hii."

Mrija tuliupata hapo hapo. Mapezi tuliyapata sokoni kwenye lundo la viatu vya mitumba, mafupi, ya mpira mzito, moja jeusi na jingine jeusi lililofifia, lakini yote ya ukubwa wa mguu wake. Rafiki alisema mafupi ni mazuri kwake kwa sababu marefu yanachosha mtu asiyezoea. Glovu hatukuzitafuta, tulichukua zile nene anazovaa kijana wetu wa chai wakati wa kupogoa, maana miamba na miiba ya samaki inakata vidole.

Mkuki ulichomelewa Keumbu. Kando ya barabara, nyuma ya akina mama wanaouza ndizi na parachichi, kuna fundi anayetengeneza mageti na madirisha. Mume wangu alimchorea kwa chaki sakafuni.

"Hii ni ya nini, Mwalimu?" fundi aliuliza.

"Ya samaki."

"Samaki wa kidimbwi?"

"Wa baharini."

Fundi aliangalia kushoto na kulia, kana kwamba bahari ingeweza kuwa imejificha nyuma ya maduka, akaanza kazi. Mkuki wa kwanza aliutengeneza kwa nondo, na ulikuwa mzito hata mimi nilijua samaki angeondoka zamani kabla haujamfikia. Wa pili aliutengeneza kwa fimbo nyembamba ya chuma kisichoshika kutu, iliyobaki kwenye kazi ya reli za ngazi. Tulijadili ncha. Ncha moja yenye ndoana huingia ndani zaidi na inafaa kwa samaki mkubwa. Ncha tatu zinamfaa mtu asiyelenga vizuri, kwa samaki wadogo wa mwambani. Mume wangu alichagua tatu. Mwisho wa mkuki fundi aliacha tundu, tukafunga kitanzi cha mpira uliokatwa kutoka tyubu ya gari. Unakiingiza kitanzi kwenye kidole gumba, unauvuta mkuki nyuma ukiushika shingo, unaachilia. Aliujaribu nyumbani kwenye shina la mgomba lililokatwa, na mama yake akiwa mlangoni alisema huu ni mchezo wa wazee waliokosa kazi. Lakini nilimwona anatabasamu. Kila mtu katika boma lile alikuwa akimtazama mume wangu jinsi unavyomtazama mgonjwa anayeomba uji.

Kilichobaki kilikuwa uzito. Mwili unaelea, na mzamiaji huvaa mkanda wenye vipande vizito ili ashuke. Mume wangu alifikiria mawe ya Tabaka, yale laini ya kuchongea vinyago. Tulikwenda siku ya Jumapili, kwenye kibanda cha mchongaji aliyejaa vumbi jeupe hadi kwenye nyusi. Mume wangu alimweleza anachotaka: vipande bapa, vyenye tundu la kupitisha mkanda.

Mchongaji aligeuza jiwe mkononi. "Nimechonga viboko, bakuli, wanandoa wakikumbatiana," alisema. "Jiwe la kumzamisha mtu sijawahi kuombwa."

Hakusema kwa ubaya. Hata hivyo mume wangu hakucheka.

Tulirudi na vipande vinne. Tulipovitumbukiza kwenye pipa la maji ya mvua na kuviwekea mkono chini, tuliviona vyepesi mno. Jiwe lile si zito kama chuma, na ili limzamishe mtu lingehitaji kuwa kubwa kama mto wa kulalia. Ikabidi tutafute risasi, ile inayogongwa kwenye rimu za magari kusawazisha magurudumu. Fundi wa magurudumu alitukusanyia za zamani, tukaziyeyusha kwenye sufuria mbovu huko nje, tukazimimina katika kopo la dagaa. Nilishona mkanda mwenyewe, kwa mshipi wa begi la shule lenye kifungo cha plastiki. Rafiki alikuwa amesisitiza juu ya kifungo kuliko kitu chochote: lazima kifunguke kwa mkono mmoja, mara moja, hata kama macho hayaoni.

Na juu ya uzito alisema hivi, nami niliusikiliza ujumbe ule mara nyingi: "Mwambie asijaze. Avae kidogo tu. Akiwa juu ya maji, akitoa pumzi yote, bado aelee. Ukiona anazama akitoa pumzi, huo si mkanda, hiyo ni nanga."

Mume wangu alitaka vipande sita. Nikasema vitatu.

"Na vitatu nitakuwa nahangaika kushuka," alisema.

"Hangaika kushuka," nikamjibu. "Kupanda ndiko nisikotaka uhangaike."

Alinitazama, kisha akavitoa vitatu na kuviweka chini ya kitanda.

Boya nililitengeneza mimi. Ni jerikeni ya njano ya mafuta ya kupikia, kamba ndefu ya nailoni, na juu yake kijiti chenye bendera ili mashua zione kuna mtu chini. Bendera ilitakiwa kuwa nyekundu. Nilifungua kabati kutafuta kitambaa, na kitambaa chekundu pekee kilichokuwamo ndani ya nyumba kilikuwa sweta ya shule ya binti yetu. Niliishika. Ilikuwa bado na uzi uliochomoka kwenye kiwiko, nilioahidi kuushona. Niliikunja nikairudisha, nikatembea hadi dukani kununua kipande kipya.

Alirudi Pwani na mzigo ule, mkuki umefungwa kwenye gunia la mbolea ya chai. Muhula ulianza vizuri. Jumamosi tuliiacha kwa Sabato, na Jumapili maji yakipwa aliingia baharini. Akitoka tu ananipigia, sauti bado ina maji puani. Leo nimekosa. Leo nimepata samaki wawili, wale wanaoitwa changu. Leo nimemwona kobe, akanipita kana kwamba ananijua. Nilikaa na simu mapajani kila Jumapili, nikichambua mboga, na ikilia moyo ulikaa sawa.

Sijui ni lini hasa ilianza kubadilika. Simu zikawa fupi. Nikiuliza kama amepata kitu, anasema hakutafuta. "Sasa ulikuwa unafanya nini huko chini?" nilimuuliza siku moja.

"Nimekaa tu," alisema. "Kule chini hakuna anayenipa pole."

Halafu nikapigiwa na rafiki yake. Alianza kwa salamu ndefu, kama desturi yao, akauliza habari za nyumbani, za mama mkwe, za mvua. Nikajua kuna jambo.

"Shemeji," alisema, "sitaki kukutia hofu. Lakini huyu ndugu yangu ameanza kuniacha. Anakwenda peke yake. Lile boya analiacha ufuoni. Jumapili nilimfuata kwa kumvizia, nikamkuta chini amekaa kama mtu aliyekaa sebuleni kwake. Nilimshika mkono nikampandisha. Na mkanda wake, shemeji, si ule alionionyesha mwanzo."

Nilikwenda moja kwa moja kuangalia chini ya kitanda. Vile vipande vitatu havikuwapo. Lazima alivichukua asubuhi ya kuondoka, nilipokuwa nikimfungia chakula cha njiani.

Mwalimu mkuu alinipa ruhusa bila maswali mengi. Mama mkwe alinifungia ndizi za kuchemsha na kunisindikiza hadi barabarani, jambo ambalo miguu yake haimruhusu. Alinishika kifuani mwa sweta kama unavyomshika mtoto unayemwagiza dukani. "Mlete nyumbani," alisema. "Usimgombeze. Mlete tu."

Nilifika siku ya pili. Mume wangu alikuwa darasani, kwa hiyo rafiki yake alinifungulia chumba. Kilikuwa safi, kitanda kimetandikwa, vitabu vimepangwa. Mkuki wa Keumbu ulikuwa ukutani kwenye misumari miwili, unang'aa. Mkanda ulikuwa sakafuni. Nilijaribu kuuinua kwa mkono mmoja nikashindwa. Nikakaa kitandani nikausubiri mlango.

Alipoingia na kuniona, hakuuliza nimefuata nini. Aliweka vitabu mezani, akakaa karibu yangu. Chaki ilikuwa bado iko vidoleni mwake.

"Ulitaka kufa?" nilimuuliza. Niliuliza kwa Ekegusii, na kwa lugha yetu swali hilo halina pa kujificha.

Alifikiri kabla ya kujibu, kama anavyofanya akiulizwa swali gumu na mwanafunzi. "Sikutaka kufa," alisema. "Nilikuwa sina haraka ya kurudi juu. Kila mara nakaa kidogo zaidi. Chini kule mtu hasikii kitu. Ile sauti yake ya kukohoa, siisikii."

Mimi pia nilikuwa naisikia. Niliisikia jikoni, darasani, niliisikia kanisani watu wakiimba. Nilidhani ni mimi peke yangu. Nikamwambia hivyo, na ndipo tulipolia pamoja kwa mara ya kwanza, maana kwenye mazishi kila mmoja alishikwa na watu wake, mimi upande wa wanawake na yeye upande wa wanaume.

Nililala kule siku chache. Jumapili nilimwomba anionyeshe. Tulivua vipande kwenye mkanda tukaacha viwili tu. Rafiki yake alizamia karibu naye, na mimi niliingia hadi kiunoni, gauni limefungwa fundo, nikiwa nimeshika kamba ya boya. Sikujua bahari ina joto. Kila aliposhuka nilihesabu kimya kimya, na kila mara aliibuka, akapuliza maji kwenye mrija, akainua mkono ili nione. Alipata tafi mmoja. Mke wa rafiki yake alitupikia kwa nazi, tukala sahani moja.

Jioni hiyo alimkabidhi rafiki yake kila kitu: miwani, mapezi, mkuki. Rafiki alikataa kwanza, kisha akasema atavitunza tu. Sikuamini kwamba alikuwa akiviaga kwa moyo mmoja. Alishikilia mkuki ule muda mrefu kabla ya kuuachia, na nilimwonea huruma. Kitu kile kilikuwa kimemfaa kabla hakijataka kumchukua.

Tulimpeleka kwa daktari wa mambo ya akili, kwanza kule, kisha akaendelea Kisii alipopewa likizo ya ugonjwa. Kuomba uhamisho wa kurudi kulichukua muda, na kuna wiki ambazo nilidhani hautatoka. Ulitoka. Sasa anafundisha Nyamira, analala nyumbani. Ningependa kusema amepona. Kuna asubuhi anazochuma chai na vijana na kuwasimulia hadithi hadi wanachelewa kujaza vikapu, na kuna asubuhi ambazo namvalisha soksi kwa sababu amekaa ukingoni mwa kitanda akiwa ameshika moja tu. Dawa anameza. Hatujapata mtoto mwingine. Watu wanauliza, mama mkwe huwajibu kwa niaba yetu, na hawarudii.

Sabato moja iliyopita tulikuwa mezani, sisi watatu, baada ya kanisa. Mama mkwe alikuwa akimpakulia mume wangu chinsaga, mboga zetu chungu, akasema tu, bila kupanga, "Hukuniambia huko chini kukoje."

Mume wangu aliacha kula. Nikadhani atainuka atoke.

"Mjukuu wako angeuliza kama samaki wanalala," alisema. Akalitaja jina lake. Alilitaja kawaida, kama mtu aliye chumba cha pili.

Mama mkwe hakushtuka, au alijizuia. "Na wanalala?"

"Wanalala, Mama. Kuna mmoja anaitwa pono. Jua likitua anaingia ndani ya mwamba, analala fofofo, unaweza kumkaribia kabisa asijue."

"Nawe ulimchoma akiwa amelala?"

"Hapana," alisema. "Huyo nilimwacha."

Mama mkwe akamwongezea mboga, naye akaendelea kula.